Mtoto wa Kinama na uzamivu wa China: mizani iko mkononi mwa nani?

Tangu tarehe 9 Juni 2025, Mrundi aliyepokelewa na chuo kikuu cha Marekani ana barua mkononi lakini hana viza ya kumfikisha darasani. Tangazo alilolitia saini Rais Donald Trump siku tano kabla yake liliiweka Burundi miongoni mwa nchi saba zilizofungiwa nusu mlango: viza za biashara na matembezi, za wanafunzi na za wasomi wa kubadilishana zilisimamishwa, ukiwatoa wachache wenye ruhusa maalumu. Somalia ilifungiwa mlango mzima. Desemba ya mwaka huohuo likatoka tangazo la pili, lililoanza kazi 1 Januari 2026, nalo likaifungia Sudan Kusini mlango mzima na Tanzania nusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane. Wanne sasa wako kwenye orodha. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ina jina la Jumuiya kwenye jalada, lakini ofisa wa viza anasoma jina la nchi.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani waliisikia habari hiyo redioni wakaendelea na kazi zao, na haikuwa ajabu. Mzigo unaouzwa Bujumbura hautoki New York. Unatoka Guangzhou na Yiwu, unashushwa bandari ya Dar es Salaam, unapanda lori hadi Kabanga na kuvuka Kobero. Marekani ikifunga mlango, bei ya kitenge haibadiliki. Lakini mlango huo ulikuwa na njia moja inayomhusu mwenye duka kuliko anavyodhani: kijana wa huku aliweza kusomea uzamivu kuhusu China, Japani au Korea kwa fedha za mtu ambaye si Mchina, si Mjapani wala si Mkorea.

Uzamivu wa masomo ya Asia Mashariki ni kitu kingine kabisa na kozi ya lugha. Mwanafunzi anatakiwa afike akiwa tayari anasoma Kichina, Kijapani au Kikorea, kisha atumie miaka minne, mitano, hata sita akichimba jambo moja la historia, dini, fasihi, siasa au uchumi wa eneo hilo kwa kusoma hati zenyewe. Katika vyuo kama Harvard, Princeton, Columbia au Chicago, anayekubaliwa halipi ada. Analipwa posho kwa takriban miaka mitano, mara nyingi kwa sharti la kufundisha kidogo, na hutafutiwa namna ya kwenda kukaa Beijing, Taipei au Tokyo kwa utafiti. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Hata hivyo ilikuwa njia isiyopita kwa balozi wa nchi inayochunguzwa, na huo ndio uzito wa jambo lenyewe.

Tuichukue Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge. Kartie zake zina majina ya mikoa: Bubanza, Bururi, Muramvya, Muyinga, Ngozi, Ruyigi. (Mikoa hiyo yenyewe ilifutwa mwaka 2025, Burundi ilipobaki na mikoa 5 badala ya 18, kwa hiyo Kinama sasa ni kama daftari la kumbukumbu la utawala wa zamani.) Ni mtaa wa watu wa kazi, Kirundi na Kiswahili vinatembea pamoja, na tangu soko kuu la Bujumbura liteketee tarehe 27 Januari 2013 biashara ya jiji imesambaa zaidi kwenye masoko ya mitaani. Angalia kilichopangwa mezani: chaja, redio, sufuria, kandambili, vitenge, paneli za sola. Pikipiki ni habari nyingine, hiyo ni ya India. Lakini boksi baada ya boksi lina maandishi ya Kichina, na anayeviuza vitu hivyo hasomi hata alama moja ya maandishi hayo.

Anayesoma huenda ni mtoto wake. Chuo Kikuu cha Burundi kina Taasisi ya Confucius inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Bohai cha China, na kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa ikifundisha lugha hiyo. Kazi ya kwanza inayomngoja anayehitimu ni ukalimani: kwenye ujenzi, kwenye kampuni, au kumsindikiza mfanyabiashara Guangzhou. Ni kazi ya heshima na inalipa kodi ya nyumba. Ila ina mipaka yake, na mipaka hiyo inamgusa bosi anayemlipa mkalimani huyo.

Mkalimani anakufikishia maneno. Siku hizi hata simu inafanya hivyo. Asichoweza kukuambia ni yule uliyekaa naye mezani ametoka wapi. Watu wa Yiwu walikuwa wachuuzi maskini. Walizunguka vijijini na sukari begani wakiibadilisha kwa manyoya ya kuku, manyoya wakayatumia kama mbolea au kuyauza. Enzi za Mao uchuuzi huo ulibanwa, wakaendelea nao kwa kujificha, hadi mwaka 1982 uongozi wa wilaya ulipoamua kuwafungulia soko rasmi. Ndani ya miaka arobaini likawa soko kubwa kuliko yote duniani la bidhaa ndogondogo. Mfanyabiashara wa Kinama au wa Kigoma amefika pale, amelala hotelini, amelipa amana ya asilimia 30 na kurudi, bila kujua kwamba alikuwa anapatana bei na wajukuu wa wachuuzi kama yeye. Angejua, angeuliza maswali mengine. Walikopeshanaje kabla ya benki kuwajali? Serikali yao iliwapa nini na ikawanyima nini? Kwa nini wao walitoka kwenye uchuuzi wakawa wauzaji wa dunia nzima, na sisi ndio wachuuzi wao?

Majibu ya maswali hayo yamo kwenye kumbukumbu za wilaya ile na kwa wazee wake, na yanamtaka mtu mwenye miaka minne ya kuyakalia. Kuna jambo dogo la jiografia hapa. Yiwu iko chini ya mji wa Jinhua. Jinhua ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang, ambacho kina taasisi ya masomo ya Afrika tangu 2007, na ndicho mshirika wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Taasisi yake ya Confucius. Yaani wanaotuchunguza wameweka kituo chao jirani na soko tunalonunua. Wana akili hao.

Na walianza zamani. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, na Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing tangu miaka hiyo ya 1960. Osaka wanakifundisha. Seoul, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, wanakifundisha. Watu hawa walijifunza habari zetu kwa fedha zao wenyewe, na walipokuja kukaa mezani na sisi walikuwa wanatujua.

Upande wetu haja inazidi kila mwaka. Tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi nayo, Burundi ikiwemo. Ushuru ni sifuri, lakini ushuru haukuwa ukuta pekee. Tangu Januari 2022 forodha ya China inawataka watengenezaji wa vyakula walio nje ya nchi wasajiliwe kwake kabla mzigo haujaingia, na kanuni hizo, pamoja na namna zinavyotekelezwa kutoka bandari moja hadi nyingine, zinaandikwa na kujadiliwa kwa Kichina. Mwenye kahawa au chai wa ukanda huu anayesubiri mtu wa kumweleza, anamsubiri mnunuzi wake amweleze.

Sasa tuitazame milango iliyobaki. Mkubwa ni wa China yenyewe. Ufadhili wa Serikali ya China unaombwa kwa njia mbili: kupitia ubalozi wao ulioko Bujumbura, kwa nafasi zilizokubaliwa kati ya nchi mbili, au moja kwa moja kwa chuo kilichopewa nafasi zake. Mwombaji wa uzamivu awe na shahada ya uzamili na awe chini ya miaka 40. Akipata, halipi ada, malazi yake yanagharamiwa, ana bima ya afya na anapokea yuani 3,500 kila mwezi. Nauli ya ndege inategemea mpango aliopitia, kwa hiyo iulizwe mwanzoni. Upo pia mpango mahususi wa uzamivu kuhusu China, unaoendeshwa na kituo cha lugha kilichorithi kazi ya makao makuu ya zamani ya Taasisi za Confucius. Huo ndio ulio karibu zaidi na somo tunalolizungumzia, na mwanafunzi wa taasisi ya Bujumbura auulizie hapohapo darasani kwake.

Karatasi zinazotakiwa, mfanyabiashara atazielewa haraka kuliko profesa, maana zinafanana na za kutoa mzigo bandarini: ikikosekana moja, zote hazina kazi. Vyeti vya Burundi viko kwa Kifaransa na havipokelewi hivyo, lazima vitafsiriwe kwa Kichina au Kiingereza na tafsiri ithibitishwe. Barua 2 za mapendekezo kutoka kwa maprofesa. Fomu ya daktari. Cheti cha kutokuwa na makosa ya jinai. Cheti cha mtihani wa Kichina, HSK, kwa atakayesoma kwa lugha hiyo, na kwa somo hili kusoma kwa Kiingereza ni kujidanganya. Kuna nafuu moja ambayo watu hawajaizoea: Burundi imo katika mkataba wa Apostille tangu 2015 na China imeingia Novemba 2023, hivyo mhuri huo unaotolewa na serikali ya Burundi unafanya kazi ambayo zamani ilipaswa kumaliziwa ubalozini.

Hata hivyo kinachomtenganisha mwombaji na wenzake ni vitu viwili: mpango wa utafiti, na barua ya profesa wa China anayekubali kumsimamia. Profesa hutafutwa kwa barua pepe miezi mingi kabla ya dirisha kufunguliwa. Hamjibu mtu anayemwandikia kwamba anapenda sana utamaduni wa China. Humjibu aliyesoma kitabu chake akabaki na swali. Na hapa mtoto wa dukani ana mtaji. Anajua makampuni ya kuchanganya mizigo Guangzhou yanavyokata faida kwa kipimo cha ujazo, anajua nani hukopeshwa na nani halipwi anapodai bidhaa mbovu, anajua hadithi za shangazi zake waliokaa Xiaobei. Mghana Adams Bodomo, mtaalamu wa isimu aliyefundisha Hong Kong kabla ya kuhamia Vienna, alichapisha mwaka 2012 kitabu kizima kuhusu Waafrika walioko China, na jamii ya Guangzhou ina nafasi kubwa ndani yake. Mwafrika mwenyewe, akiishi jirani, alilichukua kwa uzito jambo ambalo wengine walilipita barabarani.

Japani ina ufadhili wa wizara yake ya elimu: umri chini ya miaka 35, yeni 145,000 kwa mwezi kwa anayesoma uzamivu, na kwa njia ya ubalozi kuna mitihani na usaili. Ubalozi wa Japani unaoishughulikia Burundi uko Kigali. Mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda umefungwa tangu Januari 2024. Anayeitwa kwenda huko kwa gari itabidi azunguke Kobero, Kabanga, Ngara na Rusumo, safari ambayo wasomaji wa gazeti hili wanaijua gharama yake. Anayeweza, aombe kupitia chuo cha Japani moja kwa moja. Korea Kusini ina ufadhili wa serikali wenye mwaka mzima wa kujifunza lugha kabla ya shahada, umri chini ya miaka 40.

Kuna mlango mwingine ambao ndugu zetu wa Nairobi na Kampala hawautazami sana, na ambao Mrundi anausogelea akiwa na faida: Kifaransa. Paris ina Inalco, chuo cha lugha ambacho asili yake ni ya mwaka 1795, na ndani yake Kichina, Kijapani, Kikorea na Kiswahili vinafundishwa chini ya paa moja. Mwanafunzi wa uzamivu Ufaransa akipata mkataba wa udaktari analipwa mshahara kwa miaka mitatu kama mtumishi, na tasnifu anaiandika kwa Kifaransa. Mikataba hiyo ni michache na inagombewa. Lakini Mrundi ambaye amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, anayejua Kiswahili cha nyumbani na Kichina cha HSK daraja la 5, hafanani na waombaji wengine mezani pale. Ni ajabu kwamba lugha ambayo Bujumbura wengi wanaiona mzigo ndani ya Jumuiya ya Waingereza-lugha inaweza kuwa ndiyo inayomtoa mtu.

Turudi kwenye mizani. Sokoni hakuna anayeridhika na uzito uliopimwa na mizani ya muuzaji peke yake. Mnunuzi mzoefu huja na ya kwake, hata kama ni ndogo. Mlango wa Marekani ukifungwa, na wa Ulaya ukiwa mwembamba, wengi watapita milango mitatu ya Asia, na yote mitatu inamilikiwa na wale tunaotaka kuwasoma.

Sisemi fedha za China ni sumu. Za Marekani nazo zilikuwa na haja zake. Sheria ya mwaka 1958 iliyomwaga fedha kwenye masomo ya lugha za kigeni katika vyuo vyao ilipewa jina la ulinzi wa taifa, na Kichina na Kijapani vilikuwa miongoni mwa lugha 6 zilizotangulizwa, kwa hofu ya vita baridi. Mfadhili asiye na haja hayupo. Tofauti ni kwamba mwenye wafadhili wawili watatu wa kuchagua anaweza kuuliza swali linalomuudhi mmoja wao. Mwenye mmoja hujizuia mwenyewe kabla hajazuiwa.

Mfano uko hapahapa Bujumbura. Burundi na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi Desemba 1963. Mei 1964 ofisa kijana wa ubalozi wa China, Tung Chi-ping, alitoroka muda mfupi tu baada ya kufika mjini, akaomba hifadhi katika ubalozi wa Marekani. Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi, na mwezi haujaisha Mwami Mwambutsa akasimamisha uhusiano na China. Ulirudishwa Oktoba 1971. Nini hasa kilipita katikati ya hapo? Tung alichapisha kitabu chake mwaka 1966. Wamarekani na Wabelgiji wana mafaili yao. Upande wa China uko Beijing: wizara yao ya mambo ya nje ilifungua kwa awamu, kuanzia 2004, nyaraka za hadi mwaka 1965, kisha kati ya 2012 na 2013 ikazifunga tena sehemu kubwa. Mrundi anayesoma Kichina, Kifaransa na Kirundi ndiye hasa anayefaa kuliandika jambo hili. Lakini je, aliweke kwenye mpango wa utafiti anaoupeleka ubalozini kuombea ufadhili? Mimi nisingemshauri.

Maswali ya leo yana tabia hiyohiyo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga na hoteli zikawakataa, na miongoni mwao walikuwa wafanyabiashara wenye mzigo uliolipiwa. Msomi anayelipwa kutoka Beijing anaweza kulichunguza tukio hilo? Labda, kwa upole, kwa maneno ya kuzunguka. Na ubora wa bidhaa zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika pekee? Masharti ya mikopo ya barabara na majengo? Haya ndiyo mambo ambayo mfanyabiashara wa Kinama angependa kusomewa na mtu wake.

Jumuiya ingeweza kuwa mizani ya pili, na haihitaji fedha za kutisha. Posho ya yuani 3,500 kwa miaka 4 ni yuani 168,000, yaani kati ya dola 23,000 na 24,000 kwa viwango vya miaka ya karibuni. Mwagizaji anajua kontena moja la futi 40 hubeba bidhaa za thamani gani, alinganishe mwenyewe. Wala Jumuiya haina haja ya kulipa uzamivu mzima. Ilipe kile ambacho mfadhili wa Asia hatakilipa: msimamizi wa pili kutoka Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, miezi sita ya utafiti Taipei, London au Brussels, na gharama ya kuichapisha tasnifu kwa Kiswahili. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala. Wakuu wa nchi walitangaza mwaka 2017 kwamba ukanda huu ni eneo moja la elimu ya juu. Mwaka 2021 walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Taasisi za Confucius ziko Nairobi, ambayo ilikuwa ya kwanza Afrika mwaka 2005, na ziko Kigali, Dar es Salaam, Dodoma, Kampala na Bujumbura, kila moja ikiwa imefungwa kwa uzi na chuo chake cha China. Uzi wa kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe ungeshikwa na Jumuiya, kama ingetaka. Vyama vya wafanyabiashara navyo vina sauti Arusha vinapolalamikia vizuizi vya barabarani. Hili linaweza kuingia kwenye ajenda hiyohiyo, mstari mmoja tu chini ya mizani za magari.

Hadi siku hiyo ifike, familia itafanya hesabu yake. Ufadhili unaitwa kamili, lakini huwa kamili baada ya mtu kupanda ndege. Kabla ya hapo kuna tafsiri, mihuri, vipimo vya hospitali, ada ya HSK, pasipoti, intaneti ya miezi mingi, na vyuo vingine vinatoza ada ya maombi. Sehemu ya gharama hizo ni ya dola, katika nchi ambayo bei ya dola benki na bei yake mtaani ni vitu viwili tofauti. Pesa hizo zitoke mapema na kidogokidogo. Na asitokee mtu wa kumuuzia mzazi nafasi ya ufadhili: wakala wa kutoa mzigo forodhani yupo na ana kazi yake, lakini wakala wa kutoa ufadhili hana bidhaa yoyote mkononi.

Hesabu nyingine haiandikwi kwenye fomu. Ni miaka minne bila mikono ya mtoto dukani, akiwa na umri ambao wenzake wanaoa na kuolewa, na kurudi kwake hakuna uhakika wa kiti chuoni. Baadhi hawatarudi. Mzazi anayeona hiyo ni hasara tupu ana haki ya kuona hivyo. Ila ajue kwamba hata yule atakayebaki Jinhua au Paris, akiwa amesoma sawasawa, ni mtu wa kwanza wa kumpigia simu siku kontena linapokwama na maelezo yapo kwa Kichina tu.

Kuhusu muda: dirisha la China kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na njia ya ubalozi hufungwa kati ya Februari na Aprili kwa masomo ya Septemba. La Korea kwa shahada za juu huwa Februari na Machi. La Japani kupitia balozi huwa kuanzia Aprili. Kijana ambaye leo hana HSK ya daraja la 5 asilikimbilie dirisha lijalo. Alenge la baada yake, na mwaka huo wa katikati autumie kumwandikia profesa, na jioni akae dukani kwa mama yake na daftari, aandike kila boksi limetoka kiwanda gani, kwa mkono wa nani, kwa mkopo au kwa taslimu.